Friedrich Hustedt: mwalimu wa Ujerumani aliyeyapa majina maisha madogo ya Ziwa Edward

Wakaaji wa Kanyabayonga wanaoshuka Kabasha kuelekea Rwindi na Vitshumbi wanajua Ziwa Edward kwa samaki wake. Lakini mu maji yale kuna pia mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, inaitwa diatome. Aliyeandika kitabu juu ya diatome za ziwa hilo ni Friedrich Hustedt.

Hustedt alizaliwa Bremen, Ujerumani, mwaka wa 1886. Alikuwa mwalimu, kisha mkubwa wa masomo. Nje ya saa za kazi alikaa ku mikroskopi, na diatome alijifunza yeye mwenyewe. Mwaka wa 1939 aliacha ualimu ili afanye kazi hiyo tu.

Diatome moja inakaa ndani ya ganda gumu kama kioo, lenye sehemu mbili kama kisanduku na kifuniko chake. Ikikufa, ganda linabaki. Hustedt alitazama ganda hilo: ni la mviringo kama sarafu, ao refu kama mtumbwi? Lina mpasuko katikati? Mistari ni mingapi ndani ya sehemu moja ya mia ya milimeta? Tofauti ya mistari michache inaweza kutenga aina mbili zinazofanana. Njia ni ileile kwa diatome za bahari, na mwaka wa 1955 alitoa kitabu juu ya zile za pwani ya Beaufort, Marekani.

Maji ya Kivu yalimfikia kupitia Mbelgiji Hubert Damas, aliyechunguza maziwa ya Parc National Albert, leo Virunga, mwaka wa 1935 na 1936. Matokeo ya Hustedt yalitoka mu 1949. Diatome moja ya mviringo aliiita Stephanodiscus damasi, kwa heshima ya Damas.

Hustedt alikufa mwaka wa 1968. Baadaye, wataalamu wenye mikroskopi za nguvu zaidi walitazama upya ganda la diatome hiyo, wakaihamisha ku kundi lingine: leo ni Cyclostephanos damasii. Waliweza kusahihisha kwa sababu mzee alihifadhi vioo vyenye maganda aliyoyachunguza, na michoro yake.

Jambo hili si la majina tu. Kila aina ya diatome inapenda maji yake: mengine ya chumvi, mengine matamu, mengine yenye kina. Maganda yanalala mu matope ya chini miaka na miaka, na kwa kuyasoma wataalamu wanajua wakati ziwa lilipopungua ao maji yalipobadilika. Aina ikichanganywa na nyingine, historia ya ziwa inasomwa vibaya.

Kwa sasa mkusanyo wa Hustedt unatunzwa Bremerhaven, Ujerumani, katika taasisi ya Alfred Wegener. Mwanafunzi wa Butembo ao Beni akitaka kulinganisha maji ya leo na yale ya 1935, ushahidi uko kule.