Haile Selassie: Mfalme aliyetolewa ikulu kwa Volkswagen

Wadau, picha yake mmeiona sana. Ipo kwenye fulana, kwenye vioo vya daladala na kwenye vibanda vya vinyozi, pembeni ya Bob Marley. Mzee mfupi mwenye ndevu, macho makali. Wengi wetu tunamjua kama Jah wa marasta, basi. Leo tuongelee alivyoanguka, maana mwisho wake una somo hata kwa sisi wa huku Chome.

Alizaliwa tarehe 23 Julai 1892 karibu na Harar, Ethiopia, akaitwa Tafari Makonnen. Ras ni cheo, ukikiunganisha na jina lake ndo unapata Rastafari. Mwaka 1916 akawa mrithi wa kiti na msimamizi wa serikali chini ya Malkia Zewditu, na tarehe 2 Novemba 1930 akavishwa taji kwa jina la Haile Selassie.

Tusimnyime haki yake, mzee alifanya makubwa. Alitoa katiba ya kwanza ya nchi mwaka 1931, akafungua shule. Mussolini alipoivamia Ethiopia mwaka 1935, alikwenda hadi Geneva mwaka uliofuata kuwasuta wakubwa wa dunia waliokaa kimya. Akaishi uhamishoni Uingereza, akarudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941. Mei 1963 viongozi wa Afrika, Mwalimu Nyerere akiwemo, walikutana mjini kwake kuanzisha OAU.

Sasa tatizo lilikuwa nyumbani. Wakulima wengi walilima ardhi ya mabwana na kuwapa sehemu kubwa ya mavuno. Desemba 1960, akiwa ziarani Brazil, walinzi wake wenyewe walijaribu kumpindua. Jaribio likazimwa, lakini suala la ardhi likabaki pale pale.

Halafu ikaja njaa ya Wollo. Kati ya 1972 na 1974 watu walikufa kwa makumi ya maelfu, na serikali ikaficha. Oktoba 1973 mwandishi wa Uingereza, Jonathan Dimbleby, akaonyesha filamu ya wale watu kwenye televisheni ya kwao, dunia ikajua. Hapo siri ikawa imekwisha.

Mwaka 1974 mambo yakaharibika haraka. Januari askari wa Negele waliasi kwa sababu ya chakula kibovu na shida ya maji. Februari madereva wa teksi waligoma kwa bei ya mafuta, walimu nao wakagoma, wanafunzi wakaingia barabarani. Waziri Mkuu Aklilu Habte-Wold akajiuzulu. Juni wanajeshi wakaunda kamati yao, Derg, wakawa wanamla mzee kidogo kidogo: leo wanakamata waziri, kesho wanamchukua jenerali. Usiku wa tarehe 11 Septemba televisheni ya taifa ikaonyesha ile filamu ya njaa, ikichanganywa na picha za sherehe za ikulu. Kesho yake asubuhi wakamtoa, wakampakia kwenye Volkswagen ya kobe. Mtu aliyezoea msafara wa magari ya kifahari!

Louis XVI wa Ufaransa naye alianza kuyumba mwaka 1789, wakati mkate umepanda bei, na tarehe 21 Januari 1793 akakatwa kichwa hadharani. Ila Louis angalau alisomewa mashtaka. Haile Selassie alifia kizuizini tarehe 27 Agosti 1975, ikatangazwa kuwa ni ugonjwa. Baada ya Derg kuanguka, viongozi wake walishtakiwa pia kwa kumuua. Mifupa yake ilikutwa mwaka 1992 imefukiwa ikulu, akazikwa kwa heshima tarehe 5 Novemba 2000.

Je, waliomtoa walikuwa bora? Novemba 1974 waliwapiga risasi watu wapatao 60 usiku mmoja, bila mahakama. Mwaka 1977 na 1978 waliua vijana wengi mno, wanafunzi wa rika letu. Septemba 1984 wakafanya sherehe kubwa ya miaka kumi ya mapinduzi huku njaa nyingine ikiteketeza watu kaskazini, nao wakaificha! Kosa lile lile. Mwaka 1991 Mengistu Haile Mariam akakimbilia Zimbabwe.

Huku kwetu juu mvua ipo, ukungu wa Shengena upo, ndizi zipo. Lakini ukishuka tambarare ya Same unakuta mahindi yamekauka shambani. Mtu wa juu anaweza kushiba akadhani wote wameshiba. Mzee hakuangushwa na bunduki kwanza, aliangushwa na njaa aliyokataa ionekane.

Wadau mnasemaje? Alistahili kuondolewa vile, au alionewa? Nawasilisha.