Hubble: Sifa alipata yeye, jasho lilikuwa la wengi

ALIPOFARIKI mnamo Septemba 28, 1953 katika jimbo la California, Edwin Powell Hubble hakufanyiwa ibada ya mazishi, wala umma haukuelezwa alikozikwa. Hata hivyo, jina lake halikufukiwa naye: ndilo lililopewa darubini mashuhuri iliyorushwa angani mwaka wa 1990.

Hubble alizaliwa Novemba 20, 1889 mjini Marshfield, Missouri, nchini Marekani. Baada ya kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Chicago, alikwenda Oxford, Uingereza, kusomea sheria kama alivyotaka babake. Mzee huyo alipoaga dunia mwaka wa 1913, kijana alirejea nyumbani, akafunza shule ya upili kwa muda, kisha akaipa sheria kisogo na kuifuata elimu ya falaki. Mnamo 1919 alijiunga na kituo cha Mount Wilson, California, chenye darubini iliyokuwa kubwa kuliko zote wakati huo.

Mwaka wa 1923, alitambua katika Andromeda nyota ambayo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa vipindi maalum. Nyota ya aina hiyo humwezesha mtaalamu kukadiria umbali wake. Ikabainika kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, mbali kabisa na yetu.

Je, galaksi hizo zimetulia au zinasafiri? Jibu limo katika nuru yake. Ikitawanywa na chombo kiitwacho spektrografu, nuru hiyo huonyesha rangi kama za upinde wa mvua, zikikatizwa na mistari myeusi. Kila mstari una urefu wake wa wimbi, ambao hupimwa maabarani. Galaksi inapotuacha, mistari yote husogea upande wa rangi nyekundu.

Hesabu yake si ngumu. Mstari mmoja wa kalsiamu huwa kwenye nanomita 393.4. Ukionekana kwenye 398.4, umesogea nanomita 5. Gawanya 5 kwa 393.4, upate takriban 0.0127. Zidisha kwa kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, na utapata kwamba galaksi hiyo inatuacha kwa kasi ya kilomita 3,800 hivi kwa sekunde.

Kasi inayokaribia hiyo ilipatikana na Milton Humason, msaidizi wa Hubble, alipopima galaksi ya NGC 7619. Humason aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akawa mwendesha nyumbu wa mizigo na baadaye mfagiaji katika kituo hicho, kabla ya kukabidhiwa darubini.

Mnamo 1929, Hubble alitangaza kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyotuacha kwa kasi zaidi. Lakini kasi nyingi alizotumia zilikuwa zimepimwa na Vesto Slipher, aliyeanza kazi hiyo Arizona mwaka wa 1912. Makala ya Hubble hayakumtaja. Isitoshe, Georges Lemaître, kasisi wa Ubelgiji, alikuwa ameeleza kupanuka kwa ulimwengu mwaka wa 1927.

Mnamo 2018, wanachama wa Muungano wa Kimataifa wa wanafalaki walipiga kura kupendekeza kanuni hiyo iitwe ya Hubble na Lemaître. Kasisi alitendewa haki. Slipher na Humason, waliokesha wakiipima mistari hiyo, wangali nje ya jina hilo.