Avogadro na Siri ya Maji

Katika mabingwa wa elimu niwapendao kwa subira yao, Amedeo Avogadro wa Italia ni mmoja. Bwana huyu aliipata siri ya maji mwaka 1811, akafa mwaka 1856, na wenziwe wengi hawajamkubali.

Alizaliwa Torino tarehe 9 Agosti 1776, katika ukoo wa wanasheria. Naye akafuata nyayo za wazee, akahitimu sheria za kanisa akiwa na miaka 20. Lakini moyo wake haukutulia humo. Mwaka 1800 alianza kujisomea fizikia na hesabu, na mwaka 1809 akawa mwalimu mjini Vercelli.

Siku hizo ubishi ulikuwa juu ya maji. Ilijulikana kuwa ni haidrojeni na oksijeni, lakini chembe ngapi kwa ngapi? John Dalton wa Uingereza alikata shauri kuwa ni moja kwa moja, kwa kuwa ndilo jambo jepesi. Na mizani haikuweza kumkanusha. Katika maji, uzito wa oksijeni ni mara 8 ya haidrojeni. Chembe zikiwa moja kwa moja, chembe ya oksijeni ni 8. Haidrojeni zikiwa mbili, ni 16. Mizani yakubali yote mawili.

Avogadro akatazama vibaba. Gay-Lussac wa Ufaransa alikwisha onyesha kuwa vibaba viwili vya haidrojeni na kimoja cha oksijeni hutoa vibaba viwili vya mvuke. Avogadro akashika kuwa vibaba sawa vya gesi yoyote, katika joto na mgandamizo mmoja, vina molekuli sawa kwa idadi. Basi oksijeni ya kibaba kimoja imeenea katika vibaba viwili; kila molekuli ya mvuke imepata nusu ya molekuli ya oksijeni. Kumbe molekuli hiyo ni chembe mbili zilizoshikana! Haidrojeni nayo ni jozi, kwani katika amonia vibaba vitatu vyake hugawika katika viwili. Kwa hivyo maji ni haidrojeni mbili na oksijeni moja.

Wakubwa hawakusikia. Dalton alivikataa vipimo vya Gay-Lussac, na Berzelius wa Sweden alishikilia kuwa chembe za namna moja haziwezi kushikana. Nyumbani nako, Avogadro alipewa kiti cha uprofesa Torino mwaka 1820, akakikosa baada ya machafuko ya 1821, akarudishiwa 1834. Hakugombana na mtu. Alisomesha na kulea watoto wake.

Septemba 1860, miaka minne baada ya kufa kwake, wanakemia walikutana Karlsruhe, Ujerumani, wamechoka kuandika maji kila mtu kwa namna yake. Stanislao Cannizzaro wa Sicily alisimama kumtetea marehemu, na hoja ikaanza kuwaingia.

Leo mtoto wa skuli huandika H2O bila kufikiri. Nami nikiiona huwakumbuka wawili: aliyeipata njia, na aliyeitetea mwenyewe asipokuwapo.