Pierre Curie na Jiwe Lililobanwa
Pierre Curie alizaliwa Paris mwaka 1859, wala hakupelekwa shule, alifunzwa nyumbani. Mwaka 1880 yeye na kakaye Jacques waligundua kwamba fuwele ya kwatzi ikibanwa huzaa chaji ya umeme. Chaji hiyo hulingana na nguvu iliyoibana, lakini huvuja upesi. Ndiyo maana kihisi cha kwatzi hakifai kupimia shinikizo lililotulia, mathalani la mvuke ndani ya boila ya kiwanda cha chai upande wa Silibwet. Hilo husomwa kwa geji ya kawaida. Kazi yake hasa ni kunasa shinikizo linalobadilika ghafla, kama lile la dizeli inapowaka ndani ya silinda ya jenereta.

Kwa kipimo cha kwatzi walichokibuni ndugu hao, Marie, mkewe Pierre, alipima miale ya urani. Tuzo ya Nobel ikawafikia mwaka 1903. Nishani ya serikali Pierre aliikataa: haja yake ilikuwa maabara. Aprili 19, 1906, gari la farasi lilimkanyaga barabarani, akafa akiwa na miaka 46. Mwanafunzi wake, Paul Langevin, ndiye aliyeipeleka kwatzi baharini kusaka nyambizi katika Vita vya Kwanza vya Dunia.