Albert Lubaki, mchoraji wa Bukama aliyeanzia kwenye kuta za nyumba

KAMINA – Reli inayotoka Kamina kwenda Lubumbashi hupita Bukama, kando ya mto Lualaba. Hapo ndipo alipoanza kujulikana Albert Lubaki, mmoja wa wachoraji wa kwanza wa Kongo ambao kazi zao zilifika Ulaya zikiwa na majina yao.

Lubaki, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1895, alikuwa mchongaji wa pembe za ndovu. Alipamba pia kuta za nyumba za udongo kwa picha. Lakini ukuta wa udongo haudumu. Mvua ikiunyeshea miaka michache, picha inaondoka nao.

Mwaka 1926, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, aliziona nyumba hizo. Alimpa Lubaki karatasi na rangi za maji ili picha zibaki. Mke wake, Antoinette, naye akachora, na leo anahesabiwa kati ya wanawake wa kwanza wa Kongo waliojulikana kwa kazi hiyo.

Picha za Lubaki zilionyeshwa Bruxelles mwaka 1929, Genève mwaka 1930 na Paris mwaka 1931. Baadaye msaada ulikoma, naye akasahaulika kwa miaka mingi. Mwaka 2015, Fondation Cartier ya Paris ilizitundika tena katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo.

Kuta zimekwisha kuanguka, na karatasi nyingi zimehifadhiwa Ulaya. Mtoto wa Haut-Lomami akitaka kuona kazi ya mzee huyu, safari yake bado ni ndefu.