Graham Hill: Bingwa wa Monaco na hati zilizokwisha muda

Kila mwaka msimu wa mbio za magari ya langalanga unapofunguliwa, wanafunzi wengi huketi mbele ya runinga wakishangilia madereva wa leo. Majina yao wameyahifadhi barabara. Ukiwauliza habari za waliotangulia, aghalabu hupati jibu. Ningependa walimu na wanafunzi wayajue maisha ya mmoja wa hao waliotangulia, Mwingereza Graham Hill, aliyefariki mwaka wa 1975. Maisha yake yana mafunzo mawili, na la pili husimuliwa kwa nadra.

Neno langalanga lenyewe, kwa mwanaisimu, si neno la kupitwa hivi hivi. Linatukumbusha Langalanga ya Bonde la Ufa, mahali palipokuwa na mashindano ya magari katika miaka ya ukoloni. Hata hivyo, Wakenya walio wengi waliijua zaidi Safari Rally, ambamo dereva hushindana na saa, vumbi na matope. Katika langalanga madereva huanza pamoja, hukimbia pamoja, na wa kwanza kufika ndiye mshindi.

Mbio hizi kwa kawaida hufanyiwa katika viwanja vilivyojengwa kwa kazi hiyo. Lakini ipo miji ambayo hufunga barabara zake za kila siku kwa siku chache ili magari yapite. Mashuhuri kuliko yote ni Monaco, nchi ndogo mno iliyo kando ya Bahari ya Mediterania, ambako mbio hizo zilianza mwaka wa 1929. Mzunguko mmoja ni zaidi kidogo ya kilomita tatu. Magari hupanda mlima, hupita mbele ya jumba la kamari, huingia katika handaki na kutokea bandarini. Zamani hapakuwa na ukuta wa kuyazuia yasitumbukie majini. Alberto Ascari alitumbukia mwaka wa 1955 na Paul Hawkins mwaka wa 1965. Wote wawili waliokolewa wakiwa hai. Mwaka wa 1963 na wa 1964, Monaco ndiyo iliyofungua msimu wa kugombea ubingwa wa dunia, na mara zote mbili aliyeshinda alikuwa Graham Hill.

Hill alizaliwa jijini London tarehe 15 Februari, 1929. Hakutoka katika ukoo wa matajiri, na mchezo wa magari tangu jadi umekuwa mchezo wa wenye fedha. Alisomea ufundi, akawa mwanagenzi katika kampuni ya kutengeneza vipimo vya mitambo, kisha akatumikia jeshi la wanamaji akiwa fundi wa injini. Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa kupiga makasia. Rangi za chama chake cha makasia cha London, buluu iliyokoza yenye mistari myeupe, ndizo alizozipaka baadaye kwenye helmeti yake.

La ajabu ni kwamba Hill alifikisha umri wa miaka 24 kabla ya kufaulu mtihani wa udereva. Katika umri huo wapinzani wake wengi walikuwa wamekwisha kujijengea jina. Akaona tangazo la shule moja ya udereva wa mashindano katika uwanja wa Brands Hatch, iliyotoza shilingi tano kwa kila mzunguko. Akatoa pauni moja, akazunguka mara nne. Kuanzia hapo hakuwa na hamu ya kazi nyingine. Alikwenda kufanya kazi ya umakanika katika kampuni changa ya Lotus iliyoongozwa na Colin Chapman, na kwa muda mrefu alikuwa mtu wa kutengeneza magari yanayoendeshwa na wenziwe. Hatimaye alipewa gari. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalikuwa Monaco mwaka wa 1958, na gari lake liliharibika kabla ya mwisho.

Wajuzi wa mchezo huu hukubaliana kwamba Hill hakuwa na kipawa cha kuzaliwa kama cha Jim Clark, Mskoti aliyekuwa mpinzani wake mkuu. Alichokuwa nacho ni bidii na utaratibu. Alikuwa na kijitabu ambamo aliandika kila badiliko lililofanyiwa gari lake: springi, matairi, gia, pamoja na matokeo yake. Mafundi walichoshwa na maswali yake, lakini kijitabu hicho ndicho kilichokuwa mwalimu wake. Mwaka wa 1962, akiwa na kampuni ya BRM iliyokuwa imetishiwa kufungiwa shughuli zake za mashindano iwapo haingeshinda, alitwaa ubingwa wa dunia. Uamuzi ulipatikana katika mbio za mwisho, huko East London, Afrika Kusini, wakati gari la Clark, lililokuwa likiongoza, lilipovuja mafuta.

Monaco ilimfaa mtu wa namna hiyo. Huko kosa dogo halisamehewi, na dereva anatakiwa kutuliza akili kwa mizunguko 100, kama ilivyokuwa siku hizo. Katika ufunguzi wa msimu wa 1963, Clark aliongoza hadi gia za gari lake zilipokwama. Hill, aliyekuwa akimfuata bila papara, akapita na kushinda. Kutangulia si kufika. Mwaka wa 1965 alilazimika kuingia katika njia ya dharura ili asigonge gari lililokuwa likienda polepole. Alishuka, akalisukuma gari lake kwa mikono mpaka barabarani, akaliwasha, na kuanzia nafasi ya tano akawapita wote. Alishinda tena mwaka wa 1968 na wa 1969, akafikisha ushindi mara tano. Rekodi hiyo ilidumu hadi Ayrton Senna wa Brazil aliposhinda mara ya sita mwaka wa 1993.

Aprili 1968 Clark, ambaye wakati huo walikuwa timu moja katika Lotus, alikufa mashindanoni huko Ujerumani. Timu ilivunjika moyo. Hill ndiye aliyeinyanyua: alishinda Uhispania, akashinda Monaco, na mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia kwa mara ya pili. Kwa kuwa alikwisha kushinda mbio za Indianapolis huko Marekani mwaka wa 1966, na mwaka wa 1972 akashinda zile za saa 24 za Le Mans huko Ufaransa, alikuwa dereva wa kwanza kuyakusanya mataji hayo yote matatu. Katikati ya hayo, Oktoba 1969, alivunjika miguu yote miwili mashindanoni nchini Marekani. Machi iliyofuata alirudi, ingawa hajapona sawasawa, akamaliza wa sita huko Kyalami, Afrika Kusini.

Hilo ndilo fundisho la kwanza, nalo husimuliwa sana: kuchelewa kuanza si kushindwa. Sasa natuje kwa la pili.

Mwaka wa 1975, akiwa na timu yake mwenyewe, Hill alishindwa kupata nafasi ya kushiriki katika mbio za Monaco, mahali palepale palipomjengea jina. Akastaafu udereva, akamwachia usukani kijana Tony Brise. Tarehe 29 Novemba mwaka huohuo walikuwa wakirejea kutoka mazoezini Ufaransa kwa ndege ndogo, Hill mwenyewe akiwa rubani. Ilikuwa usiku na ukungu ulikuwa mzito. Ndege ilianguka katika uwanja wa gofu kaskazini mwa London, kabla ya kufika kiwanjani. Wote sita waliokuwamo walikufa, akiwemo Brise, aliyekuwa na umri wa miaka 23.

Baadaye ikagunduliwa kwamba usajili wa ndege hiyo ulikuwa umekwisha, na kibali cha Hill cha kurusha ndege kwa kutegemea vipimo, wakati rubani haoni nje, nacho kilikuwa kimepita muda wake. Kwa hiyo bima haikuwa na nguvu. Familia za wenzake waliokufa zilidai fidia kutoka katika mali yake, na mjane wake, Bette, akalazimika kuuza nyumba. Mwana wao Damon alikuwa na miaka 15. Baadaye kijana huyo alifanya vibarua vya ujenzi na kazi ya kupeleka barua kwa pikipiki huku akitafuta njia yake mwenyewe.

Yamkini msomaji atasema kwamba ajali haina kinga. Ni kweli, na mimi sidai kwamba hati iliyokwisha muda ndiyo iliyoiangusha ndege. Ukungu hausomi hati. Lakini umaskini uliozikuta familia zile haukuletwa na ukungu. Ulitokana na hati ambazo zingeweza kuhuishwa mapema. Ajali haina kinga, ila madhara yake kwa wanaobaki yana kinga. Linaloumiza ni kwamba mzembe katika jambo hili hakuwa mtu mzembe. Ni yuleyule mwenye kijitabu, ambaye hakuiacha springi moja ya gari bila kuiandikia. Uangalifu wake ulikomea pale alipopenda kuutumia.

Sisi walimu tuna mazoea ya kuwapa wanafunzi mashujaa waliopigwa msasa, wasio na doa. Naona tunawapunja. Mwanafunzi akimjua Hill wa Monaco peke yake, atajifunza bidii. Akimjua pia Hill wa ile ndege, atajifunza kwamba bidii katika kazi unayoipenda haikuondolei wajibu katika kazi inayokuchosha, hasa pale maisha ya wengine yanapokutegemea. Funzo hili halihitaji ndege. Linamhusu mwenye matatu, mwenye bweni, na mwalimu anayewapeleka watoto ziara kwa basi ambalo hakuuliza habari za bima yake.

Damon Hill aliingia katika langalanga mwaka wa 1992 akiwa na umri wa miaka 31, amechelewa kama babake, na helmeti yake ilikuwa na rangi zilezile za wapiga makasia. Tarehe 10 Machi, 1996, msimu ulifunguliwa Melbourne, Australia, katika barabara za bustani ya Albert Park. Jacques Villeneuve aliongoza mpaka gari lake likaanza kuvuja mafuta. Damon akampita na kushinda. Mwaka huo ulipokwisha alikuwa bingwa wa dunia, mwana wa bingwa wa kwanza kuufikia ubingwa wa babake. Babake alimwachia jina na rangi za helmeti. Mengine ilimbidi ayatafute mwenyewe.