Lugard na chumvi ya Katwe: Ofisa aliyebadili historia ya Kasese

Michoro ya kalamu na wino ya maofisa wa Ulaya wa karne ya 19, iliyotundikwa kwenye fremu, kwa kawaida humwonyesha mtu mmoja: sare imenyooka, masharubu marefu, upanga kiunoni. Wapagazi na askari waliomfikisha alikokwenda hawaonekani. Frederick Lugard alikuwa ofisa wa zama hizo, na kwa wakazi wa Kasese na Bwera habari zake hazisimuliki bila watu hao.

Lugard alizaliwa Madras, India, tarehe 22 Januari 1858. Hakuwa ofisa wa kikosi cha farasi bali wa askari wa miguu, na alipigana Afghanistan, Sudan na Burma. Mwaka 1888 alijeruhiwa vibaya Karonga, karibu na Ziwa Nyasa, akipambana na wafanyabiashara ya watumwa. Desemba 1890 aliwasili Buganda kwa niaba ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, akapiga kambi juu ya kilima cha Kampala.

Mwaka 1891 alielekea magharibi. Katika msafara wake walikuwamo wapagazi wa pwani waliozungumza Kiswahili, pamoja na mwanamfalme Kasagama aliyekuwa amekimbilia Buganda. Katwe, aliwaondoa watu wa Omukama Kabalega wa Bunyoro kwenye ziwa la chumvi na kujenga Ngome ya George. Aliyelishika ziwa hilo alishika biashara na ushuru wa nchi nzima ya jirani. Kisha Lugard alimrejesha Kasagama katika kiti cha enzi cha Toro.

Akaendelea hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, alikowakuta askari wa Kisudani waliobaki baada ya kuondoka kwa Emin Pasha, wakiongozwa na Selim Bey. Aliwachukua pamoja na familia zao, maelfu ya watu, na wengi wao akawaweka katika ngome za Toro. Kutokana nao wamezaliwa Wanubi wengi wa Uganda.

Mwaka 1892, baada ya vita vya Mengo, Lugard alirudi Uingereza. Baadaye alitawala Hong Kong na Nigeria, akafariki tarehe 11 Aprili 1945 akiwa na umri wa miaka 87.

Maamuzi yake ya mwaka 1891 hayakufa pamoja naye. Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliwaweka Wakonzo chini ya ufalme aliourejesha, bila wao kuuchagua. Manung'uniko yao yalizaa tangazo la Rwenzururu la tarehe 30 Juni 1962, kisha miaka mingi ya mapambano milimani. Serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, zaidi ya karne moja baada ya Lugard kupita. Katwe, wenyeji wangali wanavuna chumvi.